Majani ya plastiki na ukuta hai katika jua kali: tathmini baada ya misimu mitatu ya kiangazi

Kwa misimu mitatu ya kiangazi sasa nimekuwa nikiishi kati ya aina mbili za majani niliyoyaweka kwa ajili ya stara. Upande wa magharibi wa ua wangu kuna fensi ya waya yenye kimo cha mita 2 na urefu wa mita 8, nayo niliifunika kwa majani ya plastiki, yale yanayouzwa kwa vipande vya sentimita 50 kwa 50 vinavyoungana kwa vifungo vya kubonyeza, jumla vipande 64. Upande wa pili, kwenye ukuta wa matofali unaopata jua la asubuhi peke yake, nilijengewa ukuta hai wa mita 6 za mraba, yaani mimea iliyopandwa kwenye kitambaa cha felti na kumwagiliwa kwa matone yanayoshuka kutoka juu. Nyumba za jirani ziko karibu, na anayetaka kukaa nje jioni bila kutazamwa hana budi kuweka kitu kati yake na macho ya watu. Ninayoyaeleza hapa yanahusu mahali penye jua kali na hewa kavu tu, kwa kuwa bidhaa hizi hizi zikiwekwa penye mawingu na manyunyu huishi maisha mengine kabisa.

Nianze na majani ya plastiki, kwa sababu ndiyo wengi huyakimbilia, nao wana haki ya kuyakimbilia. Watu wawili tulimaliza kazi asubuhi moja, na jioni ile ile tukakaa nje tukiwa tumesitirika. Hakuna mmea unaoweza kumpa mtu stara siku hiyo hiyo. Hata hivyo, vipande havilingani, na njia rahisi ya kukipima kabla ya kununua ni kukiinua kuelekea juani na kukitazama kutoka nyuma, maana kila panapopita nuru ndipo jicho la jirani litakapopita. Dukani kipande huonyeshwa kikiwa kimelazwa mezani, ambapo majani yake huonekana yameshonana. Kikishasimamishwa, majani hulegea kuelekea chini na matundu ya kimia cha nyuma hujitokeza. Usiku hali hugeuka tena, kwani taa ikiwaka upande wako, wigo wowote wenye matundu humwonyesha aliye nje umbo lako lote. Ilinibidi nishushe taa zangu hadi kimo cha goti na kuzielekeza mbali na fensi ndipo stara ya usiku ikakamilika.

Mwezi wa kumi na nne ndipo nilipoona dalili za kuharibika. Majani ya safu ya juu, yanayopigwa na jua kuanzia saa sita mchana hadi machweo, yalikuwa yameiacha rangi ya kijani na kuingia kwenye samawati iliyopauka, ilhali yale yaliyofunikwa na wenzao yalikuwa bado na rangi ya siku ya kwanza. Nilishika jani moja kati ya kidole gumba na kidole cha shahada nikalikunja. Jani lililokuwa laini kama mpira siku ya kulifunga lilikatika kwa mlio mdogo mkavu, na kwenye ncha za vidole vyangu likaacha unga mweupe kama wa chaki. Nilipoinama na kupekua mchanga chini ya fensi nilikuta vipande vya plastiki vyenye ukubwa wa chembe ya mchele, vingine vidogo zaidi, vimeshachanganyika na udongo. Jambo hilo liliniuma kuliko rangi iliyopotea, kwa sababu plastiki ya namna ile haiozi, na hakuna ufagio unaoweza kuimaliza.

Sababu yake inajulikana vizuri. Majani mengi ya aina hii hutengenezwa kwa poliethilini, plastiki ile ile ya mifuko na madumu, ambayo minyororo yake mirefu ya molekuli hukatwakatwa na mionzi ya urujuanimno ikishirikiana na oksijeni iliyo hewani. Joto huiharakisha kazi hiyo, na jani linalopigwa na jua huwa na joto kubwa kuliko hewa inayolizunguka. Minyororo ikishakuwa mifupi, plastiki hupoteza unyumbufu wake na kuanza kupasuka kutoka juu kwenda ndani, na ndiyo maana ule unga hutangulia kabla ya mipasuko. Rangi nayo hufa kwa utaratibu wake: kijani kinapopatikana kwa kuchanganya njano na buluu, mara nyingi njano hutangulia kufifia, hivyo wigo wa plastiki uliozeeka huelekea samawati, tofauti na mmea uliokauka ambao huwa kahawia.

Kinachoutofautisha wigo mmoja na mwingine juani, basi, hakionekani kwa macho siku ya kununua. Ni viambata vya kukinga mionzi vilivyomo ndani ya plastiki, hasa vile vya jamii ya amini vinavyojulikana kwa kifupi cha HALS, ambavyo kazi yake ni kuzidhibiti radikali huru, yaani vipande vya molekuli vyepesi kushambulia vingine, zinazozalishwa na mwanga kabla hazijaendelea kuikata minyororo. Viambata hivyo vinapaswa kuchanganywa na plastiki ikiwa imeyeyuka, kabla ya kuingizwa kwenye kalibu, ili vienee katika unene wote wa jani. Wapo wanaovipulizia juu ya jani lililokwisha kutengenezwa, na jani la namna hiyo hung'aa vizuri dukani, lakini utando wake huchakaa kwa vumbi, upepo na kuoshwa, na baada ya hapo jani hubaki uchi.

Muuzaji wa vipande vyangu vya kwanza alinihakikishia kwa maneno kwamba havipauki, nami sikumuuliza zaidi. Nilipovibadilisha nilidai ripoti ya kipimo cha maabara, na ninamshauri kila mnunuzi wa mahali pa jua aidai kabla hata ya kuuliza bei. Ripoti yenye maana hutaja mambo matatu: njia iliyotumika, idadi ya saa na matokeo. Njia inaweza kuwa ISO 4892-2, inayotumia taa ya zenoni ambayo mwanga wake unakaribia ule wa jua, au ISO 4892-3, inayotumia taa za fluoresenti zenye urujuanimno mwingi. Matokeo ya rangi kwa kawaida hutolewa kwa kipimo cha kijivu chenye daraja 5 hadi 1, ambapo 5 maana yake ni kwamba rangi haikubadilika na 1 ni kwamba imebadilika sana. Anayekuambia kwamba saa kadhaa za mashine ni sawa na miaka kadhaa ya nje anarahisisha mno, kwa sababu saa za maabara hazigeuki kuwa miaka kwa hesabu moja inayofaa kila mahali. Mwelekeo wa ukuta, joto na nguvu ya jua la mahali hubadilisha kila kitu. Ripoti inafaa kulinganishia bidhaa mbili zilizopimwa kwa njia ile ile, na hilo peke yake linatosha kuokoa fedha. Vipande vyangu vya pili, vilivyokuwa na ripoti, vimekaa msimu mmoja na nusu mahali pale pale. Safu ya juu imepauka kidogo, lakini jani likikunjwa hurudi.

Jambo ambalo sikulitarajia ni vifungo. Fundi alivifunga vipande kwenye waya kwa tai nyeupe za plastiki, zile mafundi umeme wanazotumia kufungia nyaya, na nyingi zilianza kukatika kabla majani yenyewe hayajachakaa. Tai hizo ni za nailoni, na nailoni hutegemea unyevu kidogo inaoufyonza kutoka hewani ili iwe imara bila kukatika ovyo. Katika hewa kavu unyevu huo hupungua, jua linaongeza madhara yake, na matokeo ni tai inayokatika kwa upepo wa kawaida tu. Tai nyeusi zilizotengenezwa kwa ajili ya kukaa nje hudumu zaidi, kwa kuwa masizi yaliyochanganywa ndani yake huzuia mionzi, lakini baada ya yaliyonipata nimefunga kila kipande kwa waya wa chuma kisichoshika kutu, nikiuachia nafasi kidogo. Nafasi hiyo ni ya lazima. Poliethilini hutanuka sana kwa joto, na wigo uliokazwa barabara asubuhi yenye ubaridi hujikunja na kuvimba katikati ifikapo alasiri.

Upepo unahitaji uangalifu mkubwa zaidi, na nadhani ndio wauzaji wanaounyamazia kupita yote. Fensi ya waya husimama kwa sababu hewa hupita katikati yake. Ukishaifunika, umeigeuza kuwa tanga. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, husukuma kila mita ya mraba ya uso usiopitisha hewa kwa nguvu inayolingana na uzito wa takribani kilo 24, na kwa fensi yangu ya mita 16 za mraba hiyo inakaribia kilo 390 zinazolala juu ya nguzo chache zilizochimbiwa kwa ajili ya waya mtupu. Majani yenye matundu hupunguza kiasi fulani, lakini kadiri wigo unavyositiri vizuri ndivyo unavyobeba upepo mwingi zaidi, na kasi ya upepo ikizidi mara mbili nguvu yake huzidi mara nne. Niliongeza nguzo mbili na kuzimiminia zege kabla ya kufunga vipande vya pili. Aliye na ukuta wa matofali nyuma ya majani yake hana haja ya hesabu hii.

Vumbi nalo huganda juu ya majani, na pasipo mvua hakuna wa kuliondoa isipokuwa mwenyewe kwa mpira wa maji, hivyo dai la kwamba wigo bandia hauhitaji maji kabisa si kweli mahali pakavu. Zaidi ya hayo, poliethilini huwaka na kudondosha matone yenye moto, kwa hiyo mwenye jiko la nje au nyasi kavu karibu na wigo adai bidhaa yenye cheti cha kuzuia moto, na asikubali cheti cha mionzi kama mbadala wake, kwa sababu viambata hivyo ni viwili tofauti. Kuna pia dirisha lenye kioo kinachorudisha joto: mwanga unaorudishwa unaweza kukusanyika mahali pamoja na kuyakunja majani ya plastiki kwa mchana mmoja, ilhali majani ya jirani yake yakibaki salama.

Sasa ukuta hai. Wazo lake ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani, kwani Stanley Hart White, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, alipata hataza ya muundo wa kuoteshea mimea wima mwaka 1938. Aliyeufanya upendwe duniani ni Patrick Blanc, mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa, ambaye kazi zake zinaonekana kwenye jumba la makumbusho la quai Branly jijini Paris na kando ya kituo cha utamaduni cha CaixaForum mjini Madrid. Huo wa Madrid, wenye mita 460 za mraba hivi, ndio unaotuhusu zaidi sisi wenye kiangazi kikavu, maana unathibitisha kwamba jambo hili linawezekana. Unathibitisha vilevile kwamba linawezekana pale maji yanapopimwa na kusimamiwa siku zote, na hapo ndipo ukuta wa nyumbani hushindwa.

Mpangilio wa felti ni mwepesi na wa busara: tabaka mbili za kitambaa juu ya ubao wa plastiki ulioachwa mbali na ukuta wa nyumba, mizizi ikijishika kwenye kitambaa, maji yenye mbolea yakidondoka kutoka bomba la juu na kushuka kwa mvutano wa ardhi. Blanc mwenyewe huueleza muundo wake kuwa na uzito usiofikia kilo 30 kwa mita ya mraba. Wepesi huo umepatikana kwa kuondoa udongo, na udongo ndio ghala la maji. Mmea ulio ardhini ukikosa maji siku mbili hunyauka na kusubiri, lakini mmea ulio kwenye felti, katika hewa kavu yenye joto, una akiba ya saa chache tu.

Nililijua hilo kwa gharama. Katikati ya msimu wa pili kichujio cha pampu kiliziba tukiwa tumesafiri, na maji yakakatika kuanzia Alhamisi usiku hadi Jumamosi mchana. Safu ya juu ilikufa yote, kwa sababu maji yaliyosalia kwenye kitambaa hushuka na kuiacha felti ya juu ikauke kwanza. Nilipouweka mkono wangu juu yake, kitambaa kilikuwa kikavu na kigumu kama ngozi iliyowambwa, na majani ya kangaga yaliporomoka kwa kuguswa. Iliyopona ni mimea yenye akiba yake yenyewe: Chlorophytum comosum, yenye mizizi minene ya kuhifadhia maji, na Kalanchoe yenye majani mazito. Nilipopanda upya sikurudisha kangaga hata moja, na tangu hapo ukuta umekuwa mtulivu zaidi ingawa umepoteza ule uzuri wa kimsitu alioniahidi mjenzi kwenye michoro yake.

Kiasi cha maji ni swali ambalo kila mtu huniuliza. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa mwaka 1998 wa kukadiria mahitaji ya maji ya mimea, linaonyesha kwamba katika maeneo makavu ya ukanda wa joto, wastani wa nyuzi ukizidi 30, nyasi za marejeo, yaani nyasi fupi zinazotumiwa kama kipimo cha kulinganishia, hupoteza milimita 6 hadi 8 kwa siku, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukuta haulali kama nyasi, hivyo nambari hizo ni za kukadiria tu, lakini wangu wa mita 6 za mraba, ukiwa kivulini tangu adhuhuri, ulikuwa ukinywa lita 40 hivi kwa siku katika wiki za joto kali kabisa. Kuuweka upande wa magharibi, mahali ilipo fensi yangu, ningehesabu kuwa ni kosa.

Pamoja na maji huja chumvi, na hili hata mafundi wengi hawalielezi. Maji yanayovukizwa huondoka yakiwa safi na kuacha kila kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake. Maji yenye miligramu 500 za chumvichumvi kwa lita, kiwango kisicho cha ajabu kwa maji ya kisima mahali pakavu, yakivukizwa lita 40 kwa siku huacha gramu 20, na kwa siku 90 hiyo ni kilo 1.8 iliyobaki kwenye felti, kwenye mizizi na kwenye vitundu vya matone. Utaiona kama ukoko mweupe pembeni mwa kitambaa na kama ncha za majani zilizoungua. Mfumo unaorudisha maji yale yale kwenye tangi huikusanya chumvi hiyo haraka zaidi, kwa hiyo ni lazima tangi limwagwe na kitambaa kisuuzwe kwa maji mengi mara kwa mara, jambo linaloongeza lita ambazo hazikutajwa kwenye tangazo. Vitundu vyangu huvichovya kwenye siki kila mwezi ili kuyeyusha chokaa.

Baada ya lawama hizi zote, lazima niseme kwa moyo wangu wote kwamba ukuta hai unampa mtu kitu ambacho plastiki haiwezi kukitoa. Kila lita inayovukizwa na majani hubeba joto la takribani kilowati-saa 0.68, na anayekaa mita moja kutoka ukutani jioni huhisi ubaridi huo usoni, ilhali fensi ya plastiki, iliyoshinda juani, hurudisha joto kwa muda hata baada ya jua kuzama. Ndege wadogo huja kunywa kwenye mfereji wa chini. Watoto huugusa. Nimeuhifadhi kwa sababu hiyo, na ninausimamia kila siku kama mtu anavyosimamia mnyama wa kufugwa.

Kwa stara yenyewe, hukumu yangu ni hii. Majani ya plastiki yenye ripoti ya kuaminika yanafaa kwenye ukuta mgumu, kwenye roshani, kwenye nyumba ya kupanga na popote pasipo na ardhi, hasa panapopata kivuli cha mchana. Ukuta hai wa felti unamfaa mwenye eneo dogo, jua la asubuhi, maji yasiyo na chumvi nyingi na mtu wa kuukagua kila siku. Asiyekuwa na hayo asiuagize. Lakini mwenye ardhi, hata ukanda wa nusu mita, ana njia inayoshinda zote mbili, nayo ni wigo uliopandwa chini. Kichaka kiitwacho Dodonaea viscosa huota kwenye udongo dhaifu na hubaki na majani mwaka mzima. Mhina hustahimili joto na kupogolewa. Bogenvilia hupanda waya haraka na miiba yake ni ulinzi wa ziada, ingawa huachia maua mengi ya kufagia. Olianda ni imara kupita yote, lakini kila sehemu yake ina sumu, na utomvu wa mnyaa, mmea mwingine wa wigo, unaweza kuyadhuru macho vibaya, hivyo siipandi mimea hiyo miwili mahali wanapocheza watoto. Maji ya wigo wa namna hii yatolewe kwa wingi na kwa nadra, ili mizizi iyafuate chini, na mstari wa bomba la matone uliofunikwa kwa matandazo unatosha.

Udhaifu wa wigo uliopandwa ni muda tu, na hapo ndipo nilipoipatia plastiki yangu kazi inayoifaa. Mwanzoni mwa msimu huu nilipanda Dodonaea kumi sambamba na fensi ya magharibi, hatua moja ndani, na majani ya plastiki yakabaki nyuma yake kusitiri wakati mimea inakua. Mimea sasa imefika kiunoni, na safu ya chini ya vipande, vyote 16, nimeshaifungua na kuiweka stoo kabla jua halijaivunja.